Partition

Partition ni neno la Kiingereza lenye maana ya kugawa kitu kizima katika sehemu mbili au zaidi. Linataja pia kile kinachotenganisha sehemu hizo, kwa mfano ukuta mwembamba ndani ya nyumba. Hutumika katika ujenzi, sheria, hisabati, kompyuta na siasa. Katika vitabu vya historia, likiandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni bila maelezo mengine, mara nyingi humaanisha kugawanywa kwa Uhindi wa Kiingereza mwaka 1947.

Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo katika matumizi yote. Sababu kubwa ni kwamba neno la Kiingereza halisemi nani aligawa na nani aligawanywa, ilhali vitenzi vya Kiswahili hulisema jambo hilo waziwazi.

Asili ya neno

Neno limetokana na Kilatini partitio, yaani mgawo, ambalo mzizi wake ni pars, yaani sehemu. Liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa wakati wa Karne za Kati.

Ujenzi

Katika ujenzi partition ni ukuta wa ndani unaotenga chumba na chumba bila kubeba uzito wa paa wala wa ghorofa ya juu. Hutengenezwa kwa mbao, jipsamu, kioo au matofali membamba, na unaweza kuondolewa bila nyumba kuathirika. Kiswahili kina neno kiambaza kwa ukuta wa aina hiyo. Siku hizi husikika pia patisheni, hasa kwa kuta za maofisini na madukani.

Sheria

Katika sheria neno linahusu mali inayomilikiwa na watu kadhaa kwa pamoja, kama vile shamba waliloachiwa ndugu na baba yao. Ndugu wakikubaliana, wanagawana wenyewe. Wasipokubaliana, mmoja wao anaweza kuiomba mahakama igawe.

Nchini Uingereza sheria za miaka 1539 na 1540 ziliwapa wamiliki wa pamoja haki ya kudai mgawanyo hata kama wenzao wanakataa. Baadaye ilionekana kwamba mali nyingine hazigawanyiki bila kuharibika: nyumba moja haikatwi vipande kwa warithi 5. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1868 iliiruhusu mahakama kuamuru mali iuzwe na fedha zigawanywe badala ya mali yenyewe.

Hisabati na kompyuta

Katika hisabati, partition ya namba ni njia ya kuiandika kama jumla ya namba kamili chanya, bila kujali mpangilio wake. Namba 5 ina njia 7:

- 5
- 4 + 1
- 3 + 2
- 3 + 1 + 1
- 2 + 2 + 1
- 2 + 1 + 1 + 1
- 1 + 1 + 1 + 1 + 1

Idadi ya njia huongezeka upesi sana. Namba 100 ina njia 190,569,292. Mwaka 1918 G. H. Hardy wa Uingereza na Srinivasa Ramanujan wa Uhindi walitoa fomula ya kuikadiria idadi hiyo kwa namba kubwa.

Katika nadharia ya seti, partition ni kuigawa seti katika visehemu ambavyo kila kimoja kina angalau kitu kimoja, havina kitu cha pamoja, na vikiunganishwa vinarudisha seti nzima.

Katika kompyuta ni sehemu ya diski inayotumiwa kana kwamba ni diski ya peke yake. Mtumiaji anaweza kuweka mfumo endeshi katika sehemu moja na mafaili yake katika nyingine.

Siasa

Katika siasa neno linamaanisha kuigawa nchi au eneo kwa kuchora mpaka mpya ndani yake. Hutofautishwa na kujitenga, ambako sehemu moja yenyewe hutangaza kuondoka, kama Katanga ilivyofanya mwaka 1960 na Biafra mwaka 1967.

Poland. Urusi, Prussia na Austria ziliigawana Poland miaka 1772 na 1795, na mwaka 1793 Urusi na Prussia ziliigawana bila Austria. Baada ya mara ya tatu dola la Poland lilitoweka katika ramani hadi mwaka 1918.

Ireland. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1920 iliigawa Ireland, ikaanza kutumika mwaka 1921. Kaunti 6 za kaskazini zilibaki ndani ya Ufalme wa Muungano, na ndizo Ireland ya Kaskazini ya leo.

Uhindi. Mwaka 1947 Uhindi wa Kiingereza uligawanywa kuwa nchi mbili, Uhindi na Pakistan. Majimbo ya Punjab na Bengal yalikatwa katikati. Kazi ya kuchora mipaka alipewa Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza ambaye hakuwahi kufika Uhindi kabla ya hapo. Aliwasili Julai 1947 na alikuwa na takriban majuma 5 tu. Mipaka ilitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru wa Uhindi, hivyo watu wa vijiji vingi walisherehekea uhuru bila kujua wako nchi gani. Watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao. Makadirio ya waliouawa yanatofautiana sana, kuanzia 200,000 hadi milioni 2. Punjab iliyokatwa ndiyo iliyotoa wengi wa vibarua waliojenga reli ya Uganda kutoka Mombasa miaka 50 hivi kabla.

Palestina. Tarehe 29 Novemba 1947 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio 181 la kuigawa Palestina kuwa nchi ya Kiyahudi na nchi ya Kiarabu. Kura 33 ziliunga mkono, 13 zilipinga na nchi 10 hazikupiga upande wowote. Waarabu walilikataa azimio hilo, na vita vilifuata.

Afrika. Mkutano wa Berlin wa 1884-1885 uliweka kanuni za kuchukua maeneo, lakini mipaka mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya dola mbilimbili. Kwa mapatano ya mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipiga mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukipita kaskazini mwa Kilimanjaro. Sultani wa Zanzibar aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mstari huo ndio msingi wa mpaka wa Kenya na Tanzania, na Wamaasai wako pande zote mbili. Mwaka 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakikutana Cairo, waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru.

Kutafsiri kwa Kiswahili

Neno hutafsiriwa kulingana na mtendaji:

- kugawana: wahusika wanagawa kitu baina yao
- kugawanywa: kitu kinagawanywa na mwingine
- kugawanyika: kitu kinakuwa sehemu mbalimbali bila mtendaji kutajwa

Kwa hiyo "dola za Ulaya ziligawana Afrika" na "Afrika iligawanywa" ni sentensi za kweli zote mbili, kila moja kutoka upande wake. "Afrika iligawanyika" inapotosha, kwa sababu humfanya msomaji adhani kwamba bara lilipasuka lenyewe.

Kwa Uhindi uchaguzi ni mgumu zaidi. Chama cha Muslim League kilidai nchi za Waislamu katika azimio la Lahore mwaka 1940, chama cha Congress kiliukubali mpango wa mgawanyo mwezi Juni 1947, na Waingereza ndio waliochora mpaka. Wanahistoria hawajaafikiana ni nani hasa aliyegawa. Anayetafsiri partition kwa kitenzi kimoja kati ya hivyo vitatu huwa tayari amechukua upande.

Tazama pia

- Mkutano wa Berlin
- Historia ya Uhindi
- Historia ya Pakistan
- Seti