Mpini wa Fimbo ya Gofu: Jina Lake na Namna ya Kuuchagua

Fimbo ya gofu ina sehemu tatu. Chini kuna kichwa, kinachougonga mpira. Juu kuna kishikio, yaani vazi la raba linalokamatwa na viganja. Katikati kuna kipande kirefu chembamba, cha chuma au cha nyuzi za kaboni, ambacho wachezaji wengi hukiita shafti. Neno hilo limezoeleka gereji, na huko liko mahali pake: shafti ni mhimili unaozunguka na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kipande cha fimbo ya gofu hakifanyi kazi hiyo. Kinabeba kichwa, kinapinda, kinajisokota kidogo, kisha kinajinyoosha. Kiswahili kina jina la kitu kinachobeba kichwa cha zana, nalo ni mpini.

Pingamizi lipo, na ni la haki. Tunaposema fulani kashika mpini na mwenzake kashika makali, tunafikiria kisu, na mpini wa kisu ni pale pa kushika tu. Msomaji anaweza kudhani tunazungumzia ile raba ya juu. Ndiyo maana wengine wangependelea uti, kama uti wa mkuki. Ni neno zuri, ila likitajwa peke yake, mawazo ya wengi hukimbilia mgongo. Jembe ndilo linalonishawishi. Mpini wa jembe ni mti mzima, tangu kwenye tundu la chuma hadi ncha ya juu, na mkulima huuchagua kwa urefu, kwa uzito na kwa aina ya mti, kulingana na kimo chake na nguvu zake. Mchezaji wa gofu naye huchagua kwa vigezo hivyohivyo. Basi tuseme mpini, mipini, na pale pa kushika tupaite kishikio.

Kwa muda mrefu mipini ya gofu ilikuwa miti kwelikweli. Kabla ya chuma, mti uliopendwa kuliko yote ulikuwa hikori wa Amerika Kaskazini, mgumu lakini unaokubali kupinda. Tatizo la hikori ni kwamba hakuna vipande viwili vinavyolingana, na kila kimoja hujisokota kichwa kinapokwenda kasi. Chama cha gofu cha Marekani kiliruhusu mipini ya chuma mwaka 1924; R&A ya St Andrews, chombo cha sheria za gofu huko Uskoti, iliikubali mwaka 1929. Mchezaji Bobby Jones alitwaa mataji yake manne makuu ya mwaka 1930 akiwa na hikori, na mwaka uliofuata Billy Burke akashinda US Open kwa mipini ya chuma. Chuma kiliwezesha viwanda kutengeneza seti nzima ya fimbo zinazofanana, wachezaji wakaanza kujaza mikoba kupita kiasi, na mwaka 1938 Wamarekani wakaweka kikomo cha fimbo 14 ambacho kipo hadi leo. Nyuzi za kaboni zilifuata mwishoni mwa miaka ya 1960, pale mhandisi Frank Thomas alipobuni mpini wa namna hiyo akiwa katika kampuni ya Shakespeare, iliyojulikana zaidi kwa vifaa vya kuvulia samaki.

Sifa inayotajwa kuliko zote ni unyumbufu, yaani uwezo wa kitu kupinda kisha kurudi katika umbo lake. Haitoshi kusema mpini ni laini, kwa kuwa kitu laini kinaweza kupinda kisirudi. Viwanda huandika unyumbufu kwa herufi: L ndio unaopinda zaidi, kisha A, R, S, na mwisho X, ulio mkakamavu kuliko yote. Kwa makadirio yanayotumika sana, mwenye swingi ya draiva (fimbo ya kupigia mbali) ya kasi ya maili 85 hadi 95 kwa saa huelekezwa kwenye R, wa maili 95 hadi 105 kwenye S, na anayezidi hapo kwenye X. Walio chini ya 85 hupewa A au L.

Herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachovibana viwanda vyote. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja aina mbili za mpini zenye S zinaweza kutofautiana. Ninaona hili ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi: wanaamini herufi kana kwamba ni kilo au mita. Fundi makini huubana mpini upande wa kishikio, huuvuta upande wa kichwa na kuuachia, kisha huhesabu mitikisiko kwa dakika. Mpini wa draiva ulioandikwa R mara nyingi huwa karibu na mitikisiko 250. Namba hiyo unaweza kuilinganisha kutoka fimbo hadi fimbo, mradi urefu na uzito wa kichwa ni uleule.

Kwa nini kupinda kuwe na maana? Wengi hudhani mpini hurusha mpira kwa kujifyatua wakati wa kugonga. Kichwa na mpira hugusana kwa takriban nusu ya milisekunde tu, muda mfupi mno kwa mpini kuongeza nguvu yoyote ya maana. Kazi yake imeshamalizika kabla ya hapo. Mikono inapobadili mwelekeo juu ya bega na kuanza kushuka, kichwa hubaki nyuma na mpini hupinda upande huo. Karibu na mpira hali hugeuka: kwa kuwa uzito wa kichwa hauko kwenye mstari wa mpini, kasi ya mzunguko hukivuta mbele, nacho hufika kikiwa kimetangulia kidogo. Hapo uso wa fimbo huinuka na kujifunga kiasi. Mpini unaopinda kupita kiasi humfanya mchezaji wa mkono wa kulia apeleke mpira juu na kushoto. Ulio mkakamavu mno huuacha mpira chini na kulia. Si sheria, ni mwelekeo, maana mwili hujirekebisha bila mwenyewe kujua.

Ndiyo maana kasi peke yake haitoshi. Watu wawili wa maili 95 wanaweza kuhitaji mipini tofauti: mmoja hugeuza fimbo taratibu, mwingine huivuta chini kwa ghafla na kuupindisha mpini kwa nguvu zaidi.

Uzito ningeuweka mbele ya herufi. Mpini wa chuma wa fimbo za kati huwa na gramu 90 hadi 130. Wa kaboni kwa draiva mara nyingi ni gramu 40 hadi 80. Mzito mno huchosha kabla ya shimo la 18, na mwepesi mno huifanya mikono ikose kuhisi kichwa kilipo. Msokoto, yaani kiasi mpini unavyojisokota, hupimwa kwa digrii, na mahali pa mpindo, yaani pale mpini unapopinda zaidi, pakiwa chini, huinua mpira kidogo. Hayo mawili ni ya kumalizia, si ya kuanzia.

Fimbo ya mitumba ina siri yake pia. Mpini uliokatwa ili kumfaa mtu mfupi umekuwa mkakamavu zaidi, ingawa herufi yake haijabadilika.

Unapojaribu fimbo, usihukumu kwa umbali tu. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko huufikisha mpira mbali kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Kasi ya swingi yako haibadiliki kwa sababu ya hewa, hivyo hiyo ndiyo namba ya kuiandika na kusafiri nayo. Kabla ya kulipia fimbo yoyote, omba upimwe kasi kwa rada, uliza gramu za mpini, piga mipira ya kutosha kwa mipini miwili au mitatu yenye kichwa kilekile, na uchague ule unaoipeleka mipira yako mahali pamoja mara nyingi zaidi.