Simu Inapokatika

Neno "simu" ni la kale kuliko chombo tunachokiweka sikioni leo. Asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo "sim" ni waya. Habari zilipoanza kupelekwa kwa waya, watu wa pwani waliuita waya huo simu, na jina likabaki hata sasa ambapo simu nyingi hazina waya wowote. Kwa hiyo mkazi wa Kilimani au Lavington asemapo kwamba intaneti ya nyumbani kwake inakatika kila saa, anatumia kitenzi kilichowafaa watu wa zamani. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba hata kazi ya kutafuta mahali palipokatika ina historia ndefu katika nchi yetu.

Waya wa kwanza ulitufikia kwa njia ya bahari. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya uliolazwa chini ya maji, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, nguzo za telegrafu zilifuatana nayo. Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika Nairobi, mahali palipokuwa kinamasi cha maji baridi. Mji uliochipuka hapo ulikaa ncha ya uzi mmoja mrefu: uzi ukikatika Voi au Makindu, habari za pwani hazikufika.

Reli ilipoendelea magharibi hata ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, ilipita karibu na nchi ya Wanandi. Wanandi waliukata waya wa telegrafu na kuufanya mapambo ya mwili. Wakoloni waliandika jambo hilo kuwa ni wizi tu. Kwa maoni yangu neno hilo halitoshi. Waya ule ndio ulioita askari. Naye aliyeukata, hata kama alitamani bangili, alikuwa akiziba kinywa cha serikali ambayo hakuikaribisha. Vita vile vilidumu mpaka baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905, siku aliyokwenda kuonana na kapteni wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen.

Je, karani aliyekaa mezani alijuaje mahali waya ulipokatika? Njia mojawapo ya makarani wa telegrafu ilikuwa hii. Waliita stesheni ya jirani. Ikijibu, waliita ya pili, kisha ya tatu, mpaka wafike kwa ile isiyojibu. Kosa lilikuwa kati ya stesheni ya mwisho iliyojibu na ile iliyonyamaza. Hivyo mafundi hawakuhitaji kutembea njia nzima. Ikumbuke kanuni hiyo, kwa maana tutaihitaji tena.

Baadaye habari zikapanda angani. Kituo cha Longonot, katika Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970 ili kuzungumza na setilaiti iliyo yapata kilometa 36,000 juu yetu. Intaneti ilipoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1990, ilitumia njia hiyo ya angani, na hapo likatokea jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la gharama. Barua ya kompyuta iliyotoka Westlands kwenda katikati ya mji, mwendo wa dakika chache kwa gari, iliweza kwenda hadi Marekani na kurudi. Mwaka 2000 makampuni ya intaneti yalianzisha Nairobi kituo cha kubadilishana habari humu humu nchini. Baada ya muda mfupi serikali ilikifunga, kwa malalamiko ya shirika lililokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa. Kilifunguliwa tena mwaka 2002.

Mwaka 2009 nyaya mpya zilifika Mombasa chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zenye nyuzi za kioo zinazochukua nuru badala ya umeme. EASSy ilifuata mwaka 2010. Lakini bahari haikuwa salama. Mwezi wa Februari 2012, siku chache baada ya nyaya nyingine kukatika katika Bahari ya Shamu, meli iliyongoja kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga ikaukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, mbali nasi, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Nairobi ikapooza.

Sasa tuingie nyumbani. Hasara si ndogo: shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo ya wengi yalishikwa na uzi huo, na ulipokatika somo lilikwisha. Fuata kanuni ya karani. Kwanza tazama kama kisanduku cha intaneti, yaani ruta, kinazimika na kuwaka upya. Kikifanya hivyo, yamkini kosa ni la stima. Pili, unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Waya ukitulia na mawimbi ya hewani yakikatika, kosa limo ndani ya nyumba: kuta nene za mawe, au, katika majumba ya ghorofa ya Kileleshwa, ruta za majirani zinazopigiana kelele. Tatu, taa ya njia ya nuru ikiwa nyekundu, yamkini uzi umekatika nje. Nne, kurasa zilizohifadhiwa Nairobi zikifunguka na za ng'ambo zikikataa, yamkini kosa liko baharini, na hapo ndipo utaona faida ya kile kituo kilichofungwa na kufunguliwa. Andika saa ya kila mkatiko, fundi atakushukuru.

Uzi wa nje ndio uteswao zaidi. Barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipojengwa, mpaka ikafunguliwa mwaka 2022, ardhi ya kando ya Waiyaki Way ilichimbuliwa sana, na sululu haijui kilicho chini. Fundi hutuma mmweko wa nuru ndani ya uzi. Nuru hupita katika kioo yapata kilometa 200,000 kwa sekunde. Sehemu yake hurudi ilipokutana na mkato, na kwa kupima muda wa kwenda na kurudi chombo chake humwambia umbali. Akifika hapo hufunua udongo, husafisha ncha mbili zilizo nyembamba kama unywele, huziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme, na kuzifunika. Kisha humpigia simu mwenye nyumba kumwuliza kama taa imegeuka kijani.