Andy Goldsworthy
Andy Goldsworthy (amezaliwa Cheshire, 26 Julai 1956) ni mchongaji na mpiga picha Mwingereza anayeishi Penpont, Uskoti. Utotoni alifanya kazi za shambani. Baada ya kusomea sanaa Bradford na Preston, aliunda kazi kwa majani, barafu, matope na miiba, mara nyingi bila gundi wala msumari. Nyingi hazidumu: barafu huyeyuka, maji yakijaa huzizoa. Hapo kamera si pambo. Picha ndiyo masalia pekee ya kazi.

Katika maeneo ya umma hutumia zaidi mawe na magogo. Storm King Wall (1997–98), jimbo la New York, ni ukuta wa mawe yasiyo na saruji, takriban mita 694, unaojipinda kukwepa miti kisha kuzama bwawani na kuibuka ng’ambo. Kwa Garden of Stones (2003), Manhattan, alipanda miche 18 ya mialoni ndani ya mawe yaliyotobolewa, akisaidiwa na manusura wa mauaji ya kimbari ya Wayahudi. Spire (2008), mnara wa magogo jijini San Francisco, iliungua 2020 ikabaki imesimama, nyeusi tititi.