Katharine Hepburn: Mwigizaji aliyekataa kuburutwa na Hollywood

KATHARINE Hepburn, mwigizaji Mmarekani aliyeaga dunia Juni 29, 2003 akiwa na umri wa miaka 96, ndiye pekee aliyewahi kutuzwa Oscar nne kama mwigizaji mkuu. Hakwenda kupokea hata moja. Alipokwea jukwaa la tuzo hizo mwaka wa 1974, ilikuwa kumkabidhi mtayarishaji Lawrence Weingarten tuzo yake. Aliwaambia waliohudhuria kuwa yeye ni ushahidi kwamba mtu anaweza kungoja miaka 41 kabla ya kuacha ubinafsi.

Alizaliwa mwaka wa 1907 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Babake alikuwa daktari, na mamake alipigania haki ya wanawake kupiga kura na kupanga uzazi.

Wengi humkumbuka kwa suruali alizovaa enzi ambapo nyota wa kike alitarajiwa kuonekana katika gauni. Husimuliwa kwamba wafanyakazi wa studio ya RKO walipomfichia suruali yake, alitembea mbele ya watu akiwa na nguo za ndani hadi aliporudishiwa. Hata hivyo, ushupavu wake halisi ulidhihirika katika mikataba.

Mwaka wa 1938, wamiliki wa majumba ya sinema walimtaja hadharani, pamoja na Greta Garbo na Joan Crawford, kuwa sumu kwa mapato yao. RKO nayo ikamtaka aigize katika filamu hafifu. Badala ya kunyenyekea, alilipa fedha ili kuuvunja mkataba wake, akarejea katika jukwaa la New York. Huko aliigiza mwaka wa 1939 katika tamthilia ya Philip Barry, The Philadelphia Story, akiacha mshahara ili apate sehemu ya faida. Tajiri Howard Hughes alimnunulia haki za kuitengeneza filamu, naye akaiuzia MGM kwa masharti: yeye awe mhusika mkuu, na awe na kauli kuhusu mwelekezi na waigizaji wenzake. Aliyeitwa sumu sasa ndiye aliyekuwa akiwawekea wakubwa masharti! Filamu hiyo ya mwaka wa 1940, aliyoigiza na Cary Grant na James Stewart, ilivuma mno.

Baadaye aliigiza filamu tisa na Spencer Tracy, mwandani wake wa miaka mingi ambaye hawakuoana.

Mwaka wa 1951 alifika Kongo, iliyokuwa koloni ya Ubelgiji, na Uganda kuigiza The African Queen, hadithi ya dada wa mmishonari katika Afrika Mashariki ya Wajerumani vita vilipozuka mwaka wa 1914. Hepburn alichukizwa na ulevi wa mwelekezi John Huston na mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart, akawa anakunywa maji waziwazi ili kuwasuta. Maji yale yakamtia ugonjwa wa kuhara damu, huku wanywaji wa wiski wakibaki wazima kabisa. Bogart alitwaa Oscar kwa filamu hiyo. Hepburn aliteuliwa tu.

Hakulificha tukio hilo. Mwaka wa 1987 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, na katika kichwa chake akatangaza kwamba alikwenda Afrika na Bogart, Lauren Bacall na Huston, nusura arukwe na akili.