Kiasi cha Bunduki: Neno Lililosahauliwa na Historia ya Uwindaji

Neno ‘kiasi’ tunalitumia kila uchao: kiasi cha sukari, kiasi cha fedha, kula kwa kiasi. Wasiojua ni wengi kwamba katika kamusi za Kiswahili za zamani, kiasi kilikuwa pia ile shehena ya baruti na risasi inayofyatuliwa mara moja. Maana hiyo imefifia. Hata hivyo, naona ndiyo inayotufafanulia vyema jinsi wawindaji wa enzi ya ukoloni walivyochagua silaha ya kumkabili ndovu, nyati au kifaru.

Hebu tutazame watu wawili. Aprili 1909, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa, chini ya miezi miwili baada ya kuondoka katika urais wa Marekani. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo bunduki ya Holland & Holland yenye mitutu miwili, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza. Risasi yake moja ilikuwa na uzito wa gramu 31 hivi. Faida ya mitutu miwili ni wazi: mnyama akikujia mbio, huna muda wa kutia risasi nyingine. Unafyatua ya pili papo hapo, basi.

Wa pili ni W. D. M. Bell, Mskoti aliyebandikwa jina la ‘Karamojo’ kutokana na eneo la Karamoja nchini Uganda. Huyu aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya milimita 7, ambayo risasi yake ilikuwa ya gramu 11 hivi. Siri yake ilikuwa nini? Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Tena, bunduki nzito hupiga teke begani, na anayeliogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Bell hakuwa na hofu hiyo.

Msomaji asije akadhani kwamba bunduki ndogo ndiyo bora daima. Bell alikuwa mlengaji hodari aliyeweza kungoja pembe aliyoitaka. Nyati aliyejeruhiwa, akichomoka kichakani hatua chache kutoka ulipo, hakupi nafasi ya kuchagua. Hapo ndipo risasi nzito ilipohitajika.

Isitoshe, bunduki ilipaswa kumkaa mtu. Kitako kikiwa kirefu mno hunasa kwenye nguo unapoinua. Kikiwa kifupi, kidole gumba hukugonga pua. Jicho linatakiwa lilingane na alama za kulengea mara tu kitako kinapogusa bega. Ndiyo maana mafundi wa London walimpima mteja kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa hiyo kiasi kilikuwa ulinganifu wa mambo matatu: mnyama, mahali na mwili wa mpigaji.

Kuna mtu wa nne katika hesabu hii: mbeba bunduki. Yeye ndiye aliyeshika silaha ya pili, tayari imejazwa, akasimama nyuma ya bwana wakati mnyama anakuja. Akikimbia, bwana amekwisha. Mara nyingi lugha waliyoelewana kwayo ilikuwa Kiswahili. Lakini katika picha nyingi za enzi hiyo utasoma jina la bwana na hata aina ya bunduki, ila si jina la mtu huyu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sitetei urejeshwe, hasha! Ninachosikitikia ni msamiati uliozikwa pamoja nao: kasiba, yaani mtutu, marisaa, yaani vile vipande vidogo vya risasi, fataki ya kuwasha baruti, na kiasi chenyewe. Leo mfasiri akikutana na gobori, bunduki ya marisaa au ile ya mitutu miwili, zote kwake ni ‘bunduki’ tu.

Wazee waliofanya kazi ya kubeba silaha hizo wamebaki wachache mno. Wanafunzi wa isimu na wa historia wanaotafuta mada za utafiti wawaendee sasa, wakiwa na daftari na kinasa sauti. Waulize kila sehemu ya bunduki iliitwaje, kisha waulize majina ya wenzao waliokuwa kazini.