Siku Moja, Majina Manne: Stori ya Tarehe 10 Oktoba

Tarehe 10 Oktoba inaitwaje? Uliza hilo swali kwenye matatu na utajua umri wa kila abiria bila kuona kitambulisho. Mtu wa miaka 45 atakwambia Moi Day, na hatafikiria mara mbili. Kuna wachache watasema Huduma Day. Wengine watasema Utamaduni. Mdogo wako aliye shule ya msingi atakwambia ni Mazingira Day, siku ya kupanda miti, na atashangaa mbona hujui.

Wote wako sawa. Siku ni ileile, imebadilishwa jina mara tatu ndani ya miaka mitano.

Najua wengi wetu tuna swali moja tu kuhusu likizo: inaanguka siku gani ya wiki? Ikiwa Ijumaa au Jumatatu, tunashukuru Mungu na kupanga mambo. Sina shida na hilo, kulala pia ni haki. Lakini hii moja ina stori ndefu, na ukiijua hutaiangalia kalenda vile ulikuwa unaiangalia.

Tuanze na mwenye jina. Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Makamu wake, Daniel arap Moi, akashika usukani na hakuuachilia hadi 30 Desemba 2002. Hiyo ni miaka 24. Alisema anafuata nyayo za Kenyatta, na hilo neno likabandikwa kila mahali: Uwanja wa Nyayo, Jumba la Nyayo, mabasi ya Nyayo, maziwa ya Nyayo. Ukitaka mathe wako afurahi, mtajie hayo maziwa waliyokuwa wanapewa shuleni bure. Ataongea saa nzima.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, Moi alipotimiza miaka kumi Ikulu, tarehe 10 Oktoba ikawa sikukuu yenye jina lake. Akiwa hai. Akiwa bado madarakani. Yaani unaamka asubuhi kumsherehekea mtu ambaye sura yake iko kwenye noti mfukoni mwako, iko ukutani kwa kila duka, na ndiye wa kwanza kwenye taarifa ya habari kila jioni. Na wakati huohuo, chini ya Jumba la Nyayo, lilelile tunalopangia foleni ya pasipoti, kulikuwa na vyumba vya kutesea watu waliothubutu kumpinga.

Lakini usidhani Moi ndiye alianzisha hii tabia. Mashujaa Day ya leo, 20 Oktoba, iliitwa Kenyatta Day. Ilikumbuka usiku wa 20 Oktoba 1952, wakati serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari na kuanza kukamata viongozi. Walioshtakiwa pamoja Kapenguria walikuwa sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Wanaume sita, kesi moja. Sikukuu ikapewa jina la mmoja.

Na hao sita ndio waliofika kortini. Hapo sijataja waliokuwa msituni, wala wanawake waliowapelekea chakula, wala maelfu waliofungiwa kambini. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Sanamu ya Kimathi, ile iko tao kwenye barabara ya jina lake, ilizinduliwa 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Muda huo wote kila Oktoba tulikuwa na sikukuu ya ukombozi, yenye jina la mtu mmoja.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 9 inataja sikukuu tatu tu za kitaifa: Madaraka Day tarehe 1 Juni, Mashujaa Day tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri Day tarehe 12 Desemba. Jina la Kenyatta likatoka, nafasi ikapatikana ya Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza, na ya Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Katiba hiyohiyo ikasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu binafsi. Ni kama nchi ilikuwa imechoka kuangalia sura moja.

Kwa hivyo Moi Day ilikufa? Hapa ndipo stori inachekesha. Katiba haikuitaja, lakini Sheria ya Sikukuu za Umma, ile ya zamani, bado ilikuwa nayo. Hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kwa miaka kadhaa tulienda shule tarehe 10 Oktoba kama siku ya kawaida. Ndipo Novemba 2017 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kama sheria haijabadilishwa, siku hiyo bado ni likizo. Oktoba 2018 Moi Day ikafufuka. Watu hawakujua washerehekee nini, lakini waliposikia hakuna kazi hawakubishana.

Serikali ikabaki na likizo isiyokuwa na maana. Desemba 2019 Baraza la Mawaziri likaamua iitwe Huduma Day. Mwaka wa 2021 ikageuzwa kuwa Utamaduni Day. Mwaka wa 2024 sheria ikarekebishwa, ikawa Mazingira Day, na tukaambiwa tutoke tukapande miti. Moi mwenyewe alikuwa ameshafariki, Februari 2020.

Sasa simama hapo kwa hili jina la mwisho, maana ndilo lililonifanya niandike.

Siku iliyokuwa ya Moi sasa ni ya miti. Na kama kuna mtu aliyeteswa na serikali ya Moi kwa sababu ya miti, ni Wangari Maathai.

Alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, wanawake wa vijijini wakiotesha miche na kuipanda. Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Moi. Wangari akaandika barua kila mahali kupinga. Wabunge walimcheka bungeni. Moi mwenyewe alisema hadharani kwamba mwanamke mwenye mila za Kiafrika angeheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi za serikali. Hakunyamaza, na lile jumba halikujengwa hadi leo.

Februari 1992 akaketi pale Uhuru Park na akina mama ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Walikuwa wamegoma kula. Polisi walipokuja na marungu na gesi, baadhi ya wale akina mama walivua nguo mbele yao, na katika mila zetu nyingi hiyo ni laana ambayo mwanamume hataki hata kuifikiria. Wangari alipigwa hadi akazirai. Akina mama wakahamia kanisa la All Saints, hapo karibu, wakakaa karibu mwaka mzima. Wengi wa wale vijana wakaachiliwa. Pale walipoketi panaitwa Freedom Corner.

Januari 1999 akaenda Msitu wa Karura, uliokuwa unagawiwa watu wenye doo na marafiki serikalini. Alikuwa na mche wa kupanda. Akashambuliwa na walinzi wa kukodiwa, akapasuliwa kichwa. Leo Karura ina zaidi ya hekta 1,000, na ni pale unapoenda kuendesha baiskeli, kupiga picha kwenye maporomoko na kumpeleka mtu wako bila kutumia pesa nyingi. Kila kivuli unachopumzikia hapo kuna mtu alikivujia damu.

Mwaka wa 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Alifariki Septemba 2011.

Nimtendee Moi haki pia. Alijali mmomonyoko wa udongo kweli, na wazee watakwambia walimwona akibeba mawe kujenga gabioni na wananchi. Rais aliyezuia udongo usibebwe na maji ndiye serikali yake ilimpiga mwanamke aliyezuia msitu usibebwe na mabwanyenye. Yote mawili ni kweli, na tunaweza kuyashika yote mawili. Tusichoweza ni kufanya kama la pili halikutokea.

Na hicho ndicho Mazingira Day inafanya kwa sasa. Kubadilisha jina la siku ni rahisi. Inatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, basi. Kazi ngumu ni kueleza jina la kwanza lilitoka kwa sababu gani, na la mwisho lilinunuliwa kwa bei gani. Kila Oktoba waheshimiwa wanapanda mche mbele ya kamera, wanataja lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, wanaondoka na misafara. Mche hauna haja na picha, una haja na maji Januari jua likiwaka. Na mtoto anarudi nyumbani akidhani miti ni jambo la amani tu, halina ugomvi na mtu.

Kuna watu hupendekeza iitwe Wangari Maathai Day. Mimi nakataa. Tulishajaribu kumpa mtu mmoja siku nzima, mara mbili, na tunajua ilivyoisha. Wale akina mama wa Freedom Corner wangepotea vilevile kama Kaggia na Kubai walivyopotea kwenye Kenyatta Day. Acha iitwe Mazingira. Lakini majina yao yasomwe siku hiyo, shuleni na redioni, na waliowapiga watajwe pia.

Sisi tuna sababu yetu ya kulifuatilia hili. Saba Saba haiko kwenye sheria yoyote ya likizo. Tarehe 7 Julai 1990 watu walienda Kamukunji kudai vyama vingi, siku tatu baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kukamatwa, na wengine hawakurudi nyumbani. Hakuna waziri aliyeipa jina. Watu waliisoma tarehe tu, saba ya saba, na miaka 35 baadaye, Julai 2025, serikali ilifunga barabara za kuingia Nairobi kwa kuiogopa. Tarehe 25 Juni 2024 nayo imeshaingia kwenye orodha hiyohiyo. Waliouawa siku hiyo walikuwa rika letu, na hakuna gazeti la serikali linalohitajika ili tuwakumbuke.

Lakini siku moja mtu atataka kuipa jina zuri. Siku ya Vijana, Siku ya Mazungumzo, kitu laini kama hicho. Ikifika hapo, tukiwa tumenyamaza, watoto wetu watapata likizo na hawatajua ni ya nini.

Kwa hivyo 10 Oktoba ijayo lala hadi saa nne, hakuna ubaya. Ukiamka, tafuta mtu aliyekuwa Nairobi mwaka wa 1992, umuulize aliona nini pale Uhuru Park. Rekodi sauti yake. Halafu kama una nafasi, panda mti, na Januari urudi na maji.