Nguvu Iliyoachwa Makusudi

Ukipita kijiwe cha bodaboda hapa Nguvumali, Tanga, inama kidogo utazame ubavu wa injini ya pikipiki yoyote ya Kichina. Huenda ukakuta maandishi 156FMI au 162FMJ. Wengi hudhani ni namba za siri za kiwandani, kumbe zinasomeka. Moja ni idadi ya silinda. Hamsini na sita ni kipenyo cha silinda kwa milimita, desimali ikiachwa. F ni injini inayopozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ukubwa: I kwa cc 125, J kwa cc 150.

Nilijifunza kuyasoma kwa sababu ya Honda CG125 ya baba. Baba alikuwa bwana shamba, na pikipiki hiyo ya miaka ya 1980 ilimfikisha kwa wakulima ambao gari halikuwafikia. Siku hizi ndiyo inayonilisha. Mimi na mdogo wangu tunapanda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, tukiwa na sukari na unga wa kuuza. Tunashuka na iliki na mdalasini. Kutoka Tanga hadi Muheza hakuna shida. Kutoka Muheza kupanda, ikiwa na watu wawili na mzigo, ilianza kuishiwa pumzi, na mdogo wangu akawa anateremka kwenye kona na kutembea kwa miguu. Safari ya siku moja ikawa ya siku mbili, na faida ikaishia njiani.

Fundi wangu hakuona tatizo. "Kaka, hiyo kazi ndogo. Tunavua silinda ya 125, tunavalisha ya 150 ya Kichina. Utapanda Amani kama unashuka."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na haki hiyo ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Honda waliuza katika nchi maskini pikipiki za cc 125 ambazo kemu yake, ile nondo inayofungua valvu, ilikaa juu ya silinda na kuzungushwa na cheni. Ni mpango mzuri kwa mwendo kasi, ila kemu ya juu inategemea oili safi. Wanunuzi walipakia familia nzima na magunia, na oili waliibadilisha wakikumbuka. Kemu zikalika.

Jibu la Honda lilitoka mwaka 1976, nalo lilikuwa kurudi nyuma. Katika CG125, kemu ilishushwa chini karibu na krenki, ikazungushwa kwa gia badala ya cheni, na valvu zikasukumwa kwa fito mbili ndefu za chuma. Kemu yenyewe ilipewa nundu moja tu, inayohudumia valvu zote mbili. Kwa mpango huo injini haiwezi kuzunguka kasi mno, lakini inavumilia oili chafu, vumbi na fundi asiye na vifaa.

Wahandisi hao hawakukosa ujuzi wa kuongeza nguvu. Miaka kumi kabla, mwaka 1966, Luigi Taveri alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 125 kwa Honda RC149. Pikipiki hiyo iligawa cc 125 katika silinda tano, ikazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika na kutoa zaidi ya nguvu farasi 30. CG125, yenye ukubwa uleule, ilitoa kama 11. Farasi wengine waliachwa makusudi, wakabadilishwa kwa miaka ya kuishi.

Baadaye viwanda vya China viliichukua ramani ya injini hiyo na kuitengeneza kwa wingi. Boxer ya Bajaj kutoka India ina ukoo mwingine, lakini pikipiki nyingi za Kichina zilizofika Afrika Mashariki na kujaza vijiwe ni wajukuu wa CG. Ndiyo maana babu wa miaka ya 1980 hakosi vipuri Nguvumali. Wajukuu ndio wanaomlisha.

Turudi kwenye silinda ya fundi. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Hiyo ni cc 124. Ile ya 150 ina kipenyo cha milimita 62 na safari ileile ya pistoni, yaani cc 149. Ni ongezeko la asilimia 20, na mlimani ungelihisi. Lakini silinda nene haiingii hivi hivi. Mdomo wa kasha la injini lazima utanuliwe kwa leithi, na chuma kikishatoka hakirudi. Joto linaongezeka katika injini inayotegemea upepo, tena ikipanda polepole na mzigo, wakati upepo ni mdogo. Klachi na beringi za krenki zinabaki zilezile za 125.

Njia nyingine nilizipima pia. Kuongeza mgandamizo kunaleta nguvu, lakini kukizidi, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Kutoboa eksozi kunaongeza kelele, na kelele wengi wetu vijana huihesabu kuwa nguvu. Halafu kuna mlima wenyewe. Amani iko juu ya bahari kwa karibu mita 900, na kila mita 1,000 hewa nyepesi huinyang'anya injini kama asilimia 10 ya nguvu zake. Sehemu ya deni hilo ni ya mlima, na hakuna fundi wa kulilipa.

Baba alisikiliza hesabu zote hizo, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, hiyo 125 yenyewe bado ni 125?"

Tulipima. Ringi zilikuwa zimekwisha, valvu moja haikufunga sawasawa, platini zilikuwa zimeungua. Kabla ya kuazima nguvu ya mjukuu, tulikuwa hatujakusanya ya babu mwenyewe. Tukachongesha silinda nusu milimita na kuweka pistoni ya ova saizi, njia ambayo kiwanda chenyewe kiliiandalia vipuri. Valvu zikasagwa, platini zikabadilishwa. Mwisho tukabadili sproketi ya mbele, kutoka meno 15 hadi 14. Jino hilo moja haliongezi nguvu hata kidogo. Linaigawa upya: mvuto kwenye tairi unaongezeka kama asilimia 7, na kasi ya juu inapungua kiasi hichohicho.

Kwenye lami ya Muheza injini sasa inapiga kelele zaidi, na bodaboda wa 150 wananipita wakinipungia mkono. Mlimani tunapanda kwa gia ya pili, polepole, na mdogo wangu hateremki tena. Tunaondoka alfajiri na kulala nyumbani.

Fundi bado ananiona mwoga. Huenda siku moja mzigo ukazidi na nikamrudia, kwani kuchonga kunaweza kusubiri. Jina la mtaa wetu linaweka nguvu mbele ya mali, na kijiweni nguvu huhesabiwa kwa cc. Lakini injini hii imemlea baba kazini na sasa inatulea sisi, kwa nguvu farasi 11. Sproketi ya meno 15 nimeipaka grisi na kuifunga kwenye gazeti. Atakayeirithi pikipiki hii akiona nilikosea, ataivalisha kwa nusu saa.